Uliza Mwalimu: Mbunge aliyeondoka bila kushindwa kura

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa historia huku Tororo, mwaka wangu wa pili kazini. Katika kitabu kimoja nimekuta sentensi moja tu: kwamba mbunge mweusi wa mwisho wa Marekani aliondoka mwaka 1901, na hakuja mwingine mpaka 1929. Wanafunzi wa kidato cha tatu wakaniuliza huyo mtu alikuwa nani, na alishindwa na nani. Nikawaambia nitawajibu wiki ijayo. Wiki yenyewe imefika.* — Msomaji, Tororo

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Waambie aliitwa George Henry White, wa jimbo la North Carolina, na hakushindwa na mtu. Aligombea kiti hicho katika uchaguzi wa 1896 akashinda, akagombea tena 1898 akashinda. Mwaka 1900 hakugombea. Kwa hiyo swali la wanafunzi wako ligeuze kidogo kabla ya kulijibu: mtu anayeshinda anaachaje kugombea?

Alizaliwa tarehe 18 Desemba 1852, sehemu iitwayo Rosindale, katika misitu ya misonobari ambako watu walichanja miti na kukinga utomvu wa kutengenezea tapentaini. Utumwa ulikuwa bado sheria ya nchi. Kuna jambo moja kuhusu tarehe hiyo ambalo mimi hulisimulia kila nikipata nafasi: tarehe 18 Desemba 1865, siku kijana huyo alipotimiza miaka 13, ndiyo siku serikali ya Marekani ilipotangaza rasmi kwamba utumwa umefutwa katika katiba. Wanafunzi wako wana miaka kama hiyo au wameipita kidogo. Waulize wangefanya nini na asubuhi ya namna ile.

Yeye alisoma. Alimaliza Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, mwaka 1877, akarudi kwao kufundisha katika mji wa New Bern, huku akisomea sheria. Mwaka 1879 akapata leseni ya uwakili. Mwaka 1880 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo, 1884 akaingia seneti ya jimbo, na 1886 wananchi wakamchagua kuwa mwendesha mashtaka wa wilaya yake ya mahakama. Kazi hiyo aliishika miaka minane. Mtu aliyezaliwa wakati wa utumwa anasimama mahakamani kwa niaba ya serikali, mbele ya jaji mzungu na mawakili wazungu, na kura zilizompeleka pale zimepigwa na watu wa kawaida. Usilipite hilo haraka darasani.

Alikuwa wa chama cha Republican. Vijana wa leo wanaofuata siasa za Marekani kwenye simu watashtuka, lakini zama hizo Republican kilikuwa chama cha Abraham Lincoln, na karibu kila mpiga kura mweusi alikuwa humo. Waliowapinga kule Kusini walikuwa Democrat.

Machi 1897 akaingia Baraza la Wawakilishi. Baraza lilikuwa na wajumbe 357. Mweusi alikuwa yeye peke yake.

Kabla sijafika kwenye jibu lenyewe nataka nikuonyeshe kitu. Nyumbani kwangu Jinja nina mkebe wa bati, wa maziwa ya unga, ambao marehemu baba yangu alikuwa akiweka tiketi zake za kodi. Wale wa rika langu wanajua nasema kitu gani. Kila mwanamume mzima alilipa ile kodi ya kila mwaka, akapewa tiketi, na bila tiketi hiyo ulikuwa huna amani barabarani. Kodi ilisimamishwa mwaka 2005, lakini mkebe bado ninao. Tiketi zimekunjwa mara nne, zimekuwa laini kama kitambaa, na moja ina doa la mafuta ya baiskeli. Baba alikuwa mkulima wa pamba. Mwaka mmoja tiketi yake ililowa mvua, wino ukatoka. Alilala siku mbili kwenye stoo ya makao ya gombolola moja (ofisi ya utawala ya eneo), nisiyoitaja, pamoja na wanaume wengine kumi na zaidi, na alikuwa amelipa. Alipotoka alinunua ule mkebe.

Na kiasi cha kulipa kilipatikanaje? Chifu na watu wake walikuja nyumbani wakakutazama. Una mabati au nyasi? Una baiskeli? Ng'ombe wangapi? Sheria ilikuwa na madaraja yaliyoandikwa vizuri kabisa, lakini aliyekupanga kwenye daraja alikuwa mtu mwenye macho yake na chuki zake. Jirani yetu aliyegombana na chifu kwa sababu ya mpaka wa shamba alipanda daraja mbili kwa mwaka mmoja bila kuongeza hata kuku.

Shika hilo la macho ya mtu, maana ndilo lililomtoa George White bungeni.

Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, katiba ya Marekani ilibadilishwa mwaka 1870 ikasema hakuna atakayenyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Wazungu wa Kusini waliotaka kuwatoa weusi kwenye siasa hawakuweza kuandika sheria isemayo "mweusi asipige kura", mahakama ingeifuta. Kwa hiyo waliandika sheria ambayo neno "mweusi" halimo. Huko North Carolina iliwekwa kwenye katiba ya jimbo kwa kura ya Agosti 1900, na ilikuwa na meno matatu.

La kwanza, mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa kufikia tarehe 1 Mei ya mwaka wa uchaguzi. Uchaguzi wenyewe ni Novemba. Mkulima aliyevuna na kulipwa mwisho wa mwaka anatoa wapi pesa Aprili? Na karatasi ya malipo aitunze miezi sita. Nikisoma hapo namwona baba na mkebe wake.

La pili, aweze kusoma na kuandika sehemu yoyote ya katiba, na mwandikishaji ndiye aamue kama amesoma vizuri. Macho ya mtu tena. Mwandikishaji akikupenda anakupa mstari mmoja mfupi, asipokupenda anakupa ukurasa wa sheria za kodi ambao hata yeye haumpiti kooni.

La tatu ndilo baya kuliko yote, na Wamarekani wenyewe walilipa jina la kifungu cha babu. Ukishindwa mtihani wa kusoma, usihofu: kama wewe, baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla ya hapo, unaruhusiwa. Sasa hesabu. Katika jimbo lile hata weusi waliokuwa huru walinyang'anywa kura mwaka 1835, na wengi wao waliobaki walikuwa watumwa. Mwaka 1867 ulichaguliwa kwa makusudi. Mzungu asiyejua kusoma anaingia kwa mgongo wa babu yake. Mweusi asiyejua kusoma, ambaye babu yake alikatazwa kushika kitabu, anabaki nje kwa sababu ya yuleyule babu. Na rangi haijatajwa popote.

Nisije nikakuachia wanafunzi wakadhani ni uchafu wa Marekani tu. Sisi tulipofanya uchaguzi wetu wa kwanza wa moja kwa moja, Oktoba 1958, mpiga kura wa Uganda naye aliwekewa masharti: awe na ardhi, au ajue kusoma na kuandika lugha yake, au awe na kipato au mali ya kiwango fulani, au awe amefanya kazi ya ajira kwa miaka kadhaa. Hayakuwa na ukatili wa kifungu cha babu, na mtu alitakiwa kutimiza moja tu. Lakini bibi yangu, aliyelima tangu alfajiri na kulea watoto tisa, hakuwa na hata moja.

Sheria haikuja peke yake. Siku mbili baada ya White kushinda mara ya pili, yaani tarehe 10 Novemba 1898, wazungu wenye silaha waliivamia Wilmington, mji mkubwa wa jimbo lake. Walichoma ofisi ya gazeti la weusi, wakaua makumi ya watu mitaani, wakaulazimisha uongozi wa mji uliochaguliwa kihalali ujiuzulu siku ileile, na jioni kiongozi wao akawa meya. Serikali ya Washington haikupeleka askari hata mmoja. White alikuwa mbunge kutoka jimbo hilo na aliona kwamba kura na maisha vinakwenda pamoja.

Agosti 1900, mwezi uleule wa kura ya katiba, alimwambia mwandishi wa gazeti la Chicago kwamba hawezi kuishi North Carolina akawa mwanamume na kutendewa kama mwanamume. Hilo ndilo jibu la wanafunzi wako.

Lakini muhula wake ulikuwa haujaisha. Ulibaki mpaka Machi 1901, na hapo ndipo mimi nampendea mtu huyu. Angeweza kukaa kimya akapokea mshahara. Tarehe 29 Januari 1901 Baraza lilikuwa linajadili bajeti ya wizara ya kilimo. Akaomba nafasi, akasimama, na akatumia muda wake kuweka kwenye kumbukumbu za Bunge yale ambayo hakuna mwingine ndani ya ukumbi ule angeyasema. Alihesabu kazi ya miaka thelathini na kitu tangu utumwa uishe: vitabu karibu 500 vilivyoandikwa na weusi, magazeti karibu 300, mawakili zaidi ya 2,000, walimu 32,000, mashamba na nyumba kama 140,000. Yote hayo, akasema, mbele ya watu kunyongwa na kuchomwa moto, na kura kunyang'anywa. Akasema mweusi haombi upendeleo, anadai nafasi ileile wanayopewa wengine.

Kisha akaaga. Natafsiri mwenyewe: "Hii, Bwana Mwenyekiti, huenda ndiyo kwaheri ya muda ya weusi kwa Bunge la Marekani, lakini niseme, kama finiksi, siku moja watainuka na kuja tena. Maneno haya ya kuaga ni kwa niaba ya watu waliodhulumiwa, waliovunjwa moyo, waliochubuliwa na wanaovuja damu, lakini wamchao Mungu."

Finiksi ni ndege wa masimulizi ya kale anayeungua mpaka majivu kisha akainuka mzima. Mimi nikifundisha niliandika sentensi hiyo ubaoni na kupigia mstari maneno mawili: "ya muda". Mtu anatolewa nje, mlango unafungwa nyuma yake, na bado anachagua neno hilo. Alimaliza kwa kusema hana la kuomba radhi kwa ukali wa maneno yake ila kwamba anatetea uhai, uhuru, furaha ya kesho na kura za sehemu moja ya nane ya watu wote wa Marekani.

Baada ya hapo alifanya uwakili Washington, kisha akahamia Philadelphia, akaanzisha benki ya akiba iliyowasaidia weusi kununua nyumba na kufungua biashara. Yeye na wenzake walinunua ardhi katika jimbo la New Jersey, wakakata viwanja, wakawauzia familia za weusi zilizokimbia Kusini. Kijiji kikapewa jina la Whitesboro, na kipo hadi leo. Alifariki Philadelphia tarehe 28 Desemba 1918.

Aliyekuja 1929 ni Oscar De Priest, na angalia alitokea wapi: Chicago, kaskazini. Alizaliwa Alabama mwaka 1871, wazazi wake wakakimbilia Kansas akiwa mtoto. Wale walionyimwa kura Kusini walipanda treni kwa maelfu kwa maelfu kwenda miji ya viwanda, na huko hakukuwa na kifungu cha babu. Kura ziliposafiri, mbunge akafuata. North Carolina yenyewe ilisubiri mpaka 1992 ndipo ikachagua tena mbunge mweusi: Eva Clayton, mwanamke.

Ukifundisha kipindi hiki, mwalimu, weka mwaka 1900 ubaoni uwe na safu mbili. Upande mmoja Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi na kodi yake ya nyumba ya rupia tatu. Upande wa pili North Carolina na kodi yake ya kichwa. Halafu waache watoto waulize wenyewe.

*Mzee, mimi naendesha lori, Mombasa hadi Kampala, na gazeti lenu hulisoma foleni ya Malaba. Toleo lililopita mliandika "seneta" kwa yule mtu wa Marekani aliyekuwa mbunge wa wilaya tu. Seneta na mbunge ni mtu mmoja?* — Dereva, Malaba

Si mtu mmoja, ndugu yangu, na kosa lilikuwa letu. Bunge lao lina nyumba mbili. Seneti ina wajumbe wawili kwa kila jimbo, jimbo liwe kubwa au dogo, na muhula wao ni miaka sita. Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa idadi ya watu, kila mjumbe na wilaya yake, na muhula ni miaka miwili tu. George White tuliyemzungumzia hapo juu alikuwa wa Baraza la Wawakilishi, kwa hiyo kumwita "mbunge" ni sawa, "seneta" si sawa. (Alikuwa seneta wa jimbo lake, ndiyo, lakini hiyo ni seneti nyingine ya kwao nyumbani.)

Hiyo miaka miwili si jambo dogo. Mbunge wetu akichaguliwa ana miaka mitano ya kupumua. White alichaguliwa Novemba 1896, na kufika Novemba 1898 alikuwa tena mbele ya wapiga kura, huku wenye bunduki wakizunguka vijijini.

*Mwalimu, habari za Jinja. Uliwahi kutaja katika ukurasa huu muswada wa mbunge mweusi wa Marekani wa kuzuia watu kunyongwa na makundi. Hukusema ulipita au haukupita. Mimi ni askari polisi, nimestaafu, na nimeona kwa macho yangu watu wakimchoma kijana kwa simu ya wizi. Ningependa kujua.* — Mstaafu, Arua

Afande, nakushukuru kwa barua hii. Ni huyohuyo White. Tofauti moja niiseme kwanza. Kundi uliloliona lilichoma mtu kwa hasira ya wizi, na lenyewe likajua limevunja sheria, likatawanyika ulipofika. Kule Kusini mwa Marekani mara nyingi watu walipiga picha chini ya mti, polisi wakiwa hapohapo, na hakuna aliyeshtakiwa. Walioshika mahakama za jimbo walikuwa ndugu na marafiki wa wauaji.

Mwaka 1898 ulitokea mfano mmoja uliomuumiza sana. Frazier Baker, mweusi, alikuwa mkuu wa posta katika mji mdogo wa Lake City, South Carolina. Usiku wa tarehe 22 Februari kundi lilitia moto nyumba yake, ambayo ndiyo ilikuwa posta, na familia ilipotoka ikapigwa risasi. Baker alikufa. Binti yake mchanga aliuawa mikononi mwa mama yake. White alisimama bungeni kuomba msaada kwa mjane na watoto waliobaki. Mjumbe mmoja akapinga, na kwa kanuni zao pingamizi hilo lilitosha jambo lisisikilizwe.

Wewe umefanya kazi ya upelelezi, utaelewa alichofikiri. Kama mahakama ya jimbo haiwezi kumhukumu muuaji, kesi itolewe jimboni ipelekwe mahakama ya taifa. Tarehe 20 Januari 1900 akawasilisha muswada wa kuyafanya mauaji ya makundi kuwa kosa la taifa zima, na adhabu iwe ile ya mhaini. Ulipelekwa kamati ya sheria. Haukutoka humo.

Mwaka 1922 mbunge mwingine, Leonidas Dyer wa Missouri, mzungu, aliupitisha muswada kama huo katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 230 dhidi ya 119. Maseneta wa Kusini wakauzuia kwa kuongea bila kukoma mpaka ukaondolewa. Ikawa hivyo tena na tena.

Sheria ilisainiwa tarehe 29 Machi 2022, miaka 122 baada ya ule wa White. Imepewa jina la Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekwenda kuwatembelea ndugu zake Mississippi mwaka 1955, akaburutwa kitandani usiku na kuuawa. Waliomuua walifikishwa mahakama ya jimbo, na baraza la wazee wa mahakama, wote wanaume wazungu, likawaachia huru kwa muda wa saa moja na dakika chache.